Mtoto Aliyepakatwa kwa Zamu

Sugueni mikono kwanza. Hilo ndilo somo langu la kwanza, na hata mkiishia hapo mkaweka karatasi hizi kando, mtakuwa mmebeba kitu cha kumfaa mtoto.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hana mafuta chini ya ngozi. Ukimshika kwa mikono iliyotoka kwenye maji ya asubuhi ya Ufipa, unamnyang'anya joto ambalo hana pa kulipata tena. Mama Fulgensia, mkunga aliyenilea kikazi katika hospitali moja mjini Sumbawanga, alikuwa akisimama mlangoni mwa chumba cha watoto njiti, na kila aliyetaka kuingia sharti amguse yeye shavu. Viganja vikiwa vya baridi, alikurudisha jikoni kwa wapishi ukaote moto. Siku moja alimrudisha kiongozi aliyekuja kukagua hospitali pamoja na msafara wake. Yule mzee akaenda kweli, akaota moto, akarudi na kiazi cha kuchoma mkononi, akasema ukaguzi umekwenda vizuri.

Nimestaafu siku nyingi. Naishi Katandala, mtaa wa mji huo huo, na vijana wa bodaboda wanaoniamkia pale kona hawajui kwamba mama zao niliwaning'iniza mimi kwenye mzani wakiwa wachanga, wakilia. Nawaandikia nyinyi mnaosomea uuguzi, na nyinyi kina mama vijana mliojaliwa mtoto kabla hamjamaliza hata kumtafutia nguo. Watu wengi hudhani kwamba njiti akishapita wiki za mwanzo kazi imekwisha. Haijaisha. Kazi inaendelea mpaka anapoingia darasani. Lakini ni kazi inayowezekana, nami niliona kijiji kizima kikiifanya na kushinda.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilipangiwa zahanati ya kijiji kimoja kwenye uwanda wa juu, karibu na ukingo ambako njia inaanza kuporomoka kuelekea Mtowisa. Mimi ni mtu wa Rungwe, nimekulia kwenye migomba. Nilifika pale sijui Kifipa, na ugali wa ulezi ulikuwa unanikwama kooni, kwa hiyo wakaniita Sista wa Ndizi. Mwenyekiti wa kijiji alilitumia jina hilo hata mkutanoni, bila kucheka, kana kwamba ndivyo nilivyoandikwa wilayani.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamia juzi tu, nyumba nyingine hazijakandikwa udongo vizuri, na upepo wa mwezi wa sita ulipita kwenye kuta kama hauna habari kwamba zipo. Mwezi huo, ulezi ukivunwa, Oliva akajifungua.

Oliva alikuwa mke wa Evaristo, mkulima mmoja mpole, na alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, wote wachanga. Mimba hii ya tatu aliihesabu kwa mvua. Ilianza mvua za kwanza zilipogusa ardhi, basi mtoto alistahili kuja mwezi wa nane, nyasi zinapochomwa na vumbi linatembea. Alikuja miezi miwili kabla. Alikuwa mwekundu, mwenye vinyweleo mabegani, masikio laini kama jani lililonyauka. Katekista alikuwa shambani, kwa hiyo nilimbatiza mimi, kwa maji ya uvuguvugu. Nilisita kidogo kwa sababu mimi si Mkatoliki, lakini Bibi Sabina, mama mkwe wa Oliva, aliniambia nimwagie maji haraka, Mungu ana mambo mengi ya kuuliza kuliko dhehebu la nesi. Tukamwita Didas.

Kumpeleka mjini haikuwezekana. Lori la kijiji lilikuwa limekwama bondeni, na kumbeba kwa baiskeli katika upepo ule kungemmaliza njiani. Evaristo aliniita nje, akasimama akitazama miguu yake.

"Sista, usinifiche," akasema. "Huyu atafika kuwa mtu wa kwenda shule, au tunamlea tuje tumzike kama wenzake?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia pia kwamba kazi ya kumfikisha huko naijua, ila ni kubwa kuliko mikono yangu miwili.

Ngoja niwaeleze kwa nini ni kubwa. Miezi ile ya mwisho tumboni, mama humfungia mtoto masurufu ya safari. Humpa mafuta ya kumtia joto, humpa akiba ya kutengenezea damu, humpa kinga ya kupambana na maradhi, na mapafu nayo humalizia kukomaa. Njiti ni msafiri aliyeondoka kabla hajafungiwa masurufu. Hana kosa, wala mama yake hana kosa. Ila kila alichokikosa kule ndani, sharti sisi tumpe huku nje, kidogo kidogo, na kwa miaka. Ukielewa hilo umeelewa karibu kila kitu nitakachosema.

Basi nilimweleza mwenyekiti kwamba adui wa kwanza wa mtoto huyu ni baridi. Miaka ile, ukimtajia mwenyekiti adui, umeitisha mkutano. Jioni alisimama mbele ya watu akasema tunao maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na sasa ameongezeka wa nne, baridi ya Didas. Akaagiza kila nyumba kumi zilete mzigo wa kuni kwa Evaristo.

Zikaja. Sijapata kuona agizo lililotekelezwa vizuri namna ile. Kesho yake mchana nyumba ilikuwa inafuka kama tanuri la matofali, madirisha yamezibwa kwa magunia, na ndani watu walikuwa wanajuana kwa kukohoa. Oliva alikaa kitandani machozi yakimtiririka, nikadhani mtoto amekufa, kumbe ni moshi. Didas alikuwa anapumua kwa kuruka. Anavuta, anasimama, mdomo unabadilika rangi, anavuta tena.

Njiti husahau kupumua. Ukiona amenyamaza namna hiyo, usipige kelele wala usimtikise. Msugue unyayo taratibu kwa kidole, atakumbuka. Nilimsugua huku namtoa nje ya ule moshi nikiwa nimemfunika kwa gauni langu la kazi. Mapafu ambayo hayajakomaa hayawezi kubishana na moshi, na hata akikua, kwa miaka miwili mitatu ya kwanza, kifua ndicho mlango ambao maradhi yatapitia. Mtoto wa namna hii halali nyumba moja na moto wa kuni. Mkisahau mengine yote, hilo na lile la mikono mlikumbuke.

Sasa utawaambiaje watu waliobeba kuni kwa mapenzi kwamba kuni zao zitaua? Mimi sikujua. Bibi Sabina alijua. Alitoka, akawashukuru kwa majina, mmoja mmoja, akasema mtoto ameshiba moto kwa siku hizi, na kuni zilizobaki ni aibu zikae kwa mtu mmoja wakati wavunaji wa shamba la kijiji hawajapikiwa uji. Kuni zikaondoka kwa nyimbo, vile vile zilivyokuja.

Nikabaki na baridi yangu. Hospitalini tulikuwa tunatumia chupa za mpira za maji moto. Zilipotoboka zote, Mama Fulgensia alikuwa anamfungua mama kifua, anamlaza mtoto uchi katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, amevaa nepi na kofia tu, kisha anawafunika wote wawili. Aliita hiyo chupa isiyopoa. Kofia msiidharau, maana kichwa cha njiti ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake na joto jingi hutokea huko. Tabu yetu ilikuwa kwamba Oliva mwenyewe alikuwa na homa na anatetemeka. Kifua kimoja hakikutosha.

Shamba la kijiji lilikuwa na zamu. Kila nyumba ilijua siku yake, na aliyekosa aliulizwa mbele ya watu. Nilipomwambia mwenyekiti kwamba sitaki kuni tena bali nataka vifua, aliamua kwamba kumpakata Didas kuhesabiwe kama kazi ya shamba. Mzee mmoja akapinga. Akasema yeye hajapata kuona palizi inayofanywa kwa kukaa. Mwenyekiti akamwambia aje ajaribu kukaa asubuhi nzima bila kukohoa, bila kunusa ugoro na bila kusema na mtu kwa sauti, kisha arudi aseme ipi ni ngumu. Mzee akachagua jembe.

Haya ndiyo yalikuwa masharti yangu: mwenye kikohozi asikaribie, kila mtu aoshe mikono mpaka kwenye viwiko na aipashe moto jikoni, na ugoro ubaki nje. Ugoro ulimuumiza Bibi Sabina kuliko wote. Alikuwa akimaliza zamu anatoka kama mtu anayefukuzwa na nyuki, anakwenda nyuma ya nyumba, anapiga chafya tatu nne za furaha, ananawa, anarudi.

Wanawake walikuja. Shangazi wa Evaristo, jirani wa kushoto, mke wa balozi wa nyumba kumi aliyekuwa amejifungua mwenyewe wiki ile ile akiwa na wake wa kunyonyesha. Siku ya nyumba yake mwenyewe, Evaristo akasema atakaa yeye. Nilimfunga Didas kifuani kwake kwa kanga, akavaa koti juu, akatoka kukaa juani ukutani, mahali upepo haufiki. Wenzake walikuwa wanapita na majembe.

"Evaristo, mimba ya miezi mingapi hiyo?"

"Saba," akajibu bila kuinua macho. "Na ukiendelea kunipigia kelele nitaizalia mikononi mwako, ulee wewe."

Kuanzia siku hiyo wanaume nao wakaja, wengine kwa mzaha, lakini waliondoka wametulia. Mtu akishasikia moyo mdogo ule unapiga dhidi ya mbavu zake, hatanii tena.

Kumlisha kulikuwa kazi nyingine. Hakuwa na nguvu za kunyonya, basi Oliva alikamua maziwa kwenye kikombe kilichochemshwa, tukampa kwa kijiko, matone matone, kidogo na mara nyingi. Ukimmiminia, yanaingia kwenye mapafu. Akisinzia mwache, mwamshe baadaye kwa kumsugua masikio. Tulipofika mwezi wa nane, mwezi aliostahili kuzaliwa, alikuwa ananyonya mwenyewe na kulia kwa sauti ya kuudhi. Hakuna aliyeudhika.

Hapo ndipo wengi mngefunga kazi. Sasa nisikilizeni.

Siku ya kupima watoto tulikuwa tunaning'iniza mzani kwenye boriti ya ofisi ya kijiji, na kina mama wanajipanga. Mzani wenyewe hausemi uongo, lakini foleni ya wanawake ina maneno. Ilipokaribia Krismasi, Kristofa, mtoto wa balozi, aliyezaliwa wiki moja na Didas, alikuwa anakaa mwenyewe kwenye mkeka kama mzee wa baraza. Didas ukimkalisha anakunjika kama gunia lisilojaa. Mama mmoja akasema, kwa sauti ndogo ya kusikika na wote, kwamba mtoto wa mapaja mengi hapati mfupa. Mwezi uliofuata Oliva hakuja.

Nilimfuata nyumbani. Alikuwa anapeta ulezi, hakuinua uso.

"Sista, mwanangu ni mjinga? Niambie tu. Nimekwisha kuzika wawili, siogopi neno."

Nikakaa chini. Nikamwambia Didas ana siku mbili za kuzaliwa, ile aliyozaliwa na ile aliyostahili kuzaliwa. Kwa chanjo, tunahesabu tangu alipozaliwa, hatumcheleweshi hata siku moja, maana maradhi hayajui kwamba aliwahi. Lakini kwa kucheka, kukaa, kutambaa na kutembea, tunahesabu tangu mwezi wa nane, kwa sababu ubongo na mifupa hufuata siku zake zenyewe hata kama mtoto ametoka nje mapema. Ndani ya hesabu hiyo, Didas hajachelewa chochote.

Bibi Sabina, aliyekuwa akipeta mlangoni, aliweka ungo wake chini.

"Ulezi ukikatwa mbichi, huupigi siku moja na uliokauka," akasema. "Unauanika kwanza. Mwenyekiti anajua, balozi anajua, kila mtu anajua. Sasa mtoto huyu tunamlinganisha na nani?"

"Na Kristofa, Mama," Oliva akajibu.

"Kristofa si rika lake. Nani alizaliwa mwezi wa nane, mwezi wa vumbi?"

Alikuwa Leokadia, binti wa jirani. Siku ya mzani iliyofuata Bibi Sabina alifika mapema kuliko mimi. Alikuwa ametandika mkeka wake mwenyewe, akamweka Didas kando ya Leokadia, na kila aliyesogea na mtoto mwingine alimwambia kwa heshima kwamba mkeka huu ni wa watu wa mwezi wa nane. Kristofa alipotambaa kuja kuwaona aligeuzwa akarudishwa kwa mama yake. Leokadia alijiviringisha, Didas akajiviringisha. Leokadia alishika kijiko, Didas akakinyakua. Wakang'atana. Oliva alicheka mpaka akafunika uso kwa kitenge, na tangu siku hiyo hakukosa mzani.

Nikawafundisha pia kuisoma kadi. Ile alama ya uzito ya Didas ilikuwa chini ya mstari, na kila mwezi ilibaki chini ya mstari. Wageni wakiiona walitikisa kichwa. Mimi niliwaambia wasitazame mtoto yuko wapi, watazame anaelekea wapi. Mtoto mdogo anayepanda kila mwezi sambamba na mstari ni mzima. Mtoto mnene aliyelala palepale miezi mitatu ndiye wa kukimbiliwa.

Alipoanza kula, tulikumbuka ile akiba ya damu ambayo hakufungiwa. Njiti wengi hupungukiwa damu kabla ya kutimiza mwaka. Utawajua kwa viganja vyeupe na kuchoka wakinyonya. Nilimpa dawa ya maji ya kuongeza damu, na uji wake wa ulezi Oliva aliutia karanga zilizotwangwa na unga wa dagaa walioletwa kutoka Kasanga. Kijiji kizima kilinuka dagaa mwaka ule, kwa sababu kila mtu alikuwa anaiga uji wa Didas. Nikampima pia macho na masikio kwa njia tulizokuwa nazo, yaani kupitisha kitambaa chekundu mbele yake na kumwita kutoka nyuma. Aligeuka kila mara. Kwa kweli aligeuka hata asipoitwa.

Si wote waliokwenda hivi, na nisingewatendea haki kama ningewaficha. Katika kijiji cha pili kulikuwa na msichana aliyezaliwa mapema kama yeye, miguu yake ikakakamaa, na hakutembea mpaka tulipoanza kumnyoosha kila siku kwa mafuta ya uvuguvugu. Alitembea kwa fimbo. Mama yake alikuja kunishukuru kwa fimbo ile kana kwamba nimempa gari. Ukiona miguu migumu, au mtoto asiyegeukia sauti, usisubiri. Mapema ndiyo dawa.

Didas alipofika baridi yake ya pili, kifua kikabisha hodi. Oliva alikuja naye mbio asubuhi kutoka kisimani, ndoo ameiacha huko. Mtoto hakuwa na homa kali, na mtu asiyejua angesema ni mafua. Nilimvua nguo nikamtazama tumbo. Anapumua haraka haraka, na kila akivuta, nyama ya chini ya mbavu inazama ndani. Hiyo mkiiona msiulize swali la pili, ni mapafu. Nilimchoma penisilini pale pale, na lori la ushirika lilikuwa linapakia mahindi ya kwenda mjini. Dereva alitaka amalize kupakia. Bibi Sabina alipanda kwenye kabini, akamchukua mtoto mapajani na kumwambia dereva kwamba mahindi hayana kifua, yatasubiri. Wakaondoka na lori nusu tupu.

Nilikaa na kijiji kizima kikiniuliza habari ambazo sikuwa nazo. Lori lilipotokea tena likiwa na vumbi lake, tulimwona Didas kabla hatujamwona dereva. Alikuwa amesimama kwenye mapaja ya bibi yake, ameng'ang'ania usukani.

Kurudi kwao kulikuwa na faida nisiyoitegemea. Kule wodini Mama Fulgensia alikuwa amemfundisha Bibi Sabina kuangalia mbavu, na bibi alirudi amekuwa mwalimu. Alikuwa anaingia nyumba za watu, anafunua watoto mashati, anatazama, anawatuma zahanati. Watoto wangapi waliletwa mapema kwa sababu yake, Mungu anajua. Mimi najua tu kwamba jikoni za kijiji kile zilianza kuhamia nje, moja baada ya nyingine, na hakuna mkutano ulioamua hivyo.

Didas alitembea siku chache baada ya Leokadia. Alipofikisha miaka miwili nikamwambia bibi tuache sasa ile hesabu ya mwezi wa nane, mtoto amewafikia wenzake, ahesabiwe kama wenzake. Bibi alikubali kwa shingo upande, kama mtu anayenyang'anywa cheo.

Basi ikafika siku ya kuandikisha darasa la kwanza. Ilikuwa asubuhi ya mvua na ukungu, na nilikwenda shuleni kwa kuwa niliombwa kuwapima watoto macho. Mwalimu alikuwa na kipimo chake. Mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la upande wa pili, amefikia umri wa shule. Asipogusa, mwakani. Nilikuwa na tarehe za kuzaliwa za watoto wote wale kichwani, nikamwambia, naye akaniambia kwa adabu kwamba hakatai tarehe zangu, ila darasa ni moja, watoto ni wengi, na sharti aanze na wakubwa.

Kristofa aligusa sikio akalikuna. Leokadia aligusa. Didas alipitisha mkono, akanyoosha, akakunja uso, akanyoosha tena. Vidole viliishia juu kidogo ya sikio. Mwalimu akamshika bega akamwambia mwakani, baba.

Evaristo alikuwa amesimama dirishani kwa nje, kofia mkononi, mvua inamnyeshea. Bibi Sabina ndiye aliyesema.

"Mwalimu, huyu nilimhesabu kwa mwezi wa vumbi miaka miwili, kwa sababu Sista aliniambia. Halafu akaniambia niache, nikaacha. Sasa wewe unataka nianze upya?"

Mwalimu alicheka, lakini hakubadilisha neno. Nami nilikuwa namtazama Didas, na ghafla nikaona kitu ambacho mtu yeyote angekiona kama hakuwa amemzoea. Mtoto alikuwa mviringo. Oliva, ambaye miaka saba alikuwa anapigana na baridi, alikuwa amemvika shati, juu yake sweta, juu yake sweta jingine, na juu ya yote koti la baba yake lililokatwa mikono. Mkono ule haukuwa mfupi. Ulikuwa umefungwa.

Nikamwambia Oliva amvue.

Akanitazama kama nimemwambia amtupe mtoni. "Sista, na mvua hii?"

"Amekua, Oliva. Mvue."

Alimvua koti. Akamvua sweta la juu, akalikunja polepole. La pili lilikwama kichwani na kila mtu akangoja. Didas akatokea ndani ya shati tu, nywele zimesimama, mwembamba, imara, hatetemeki. Akavuta pumzi. Mkono ukapanda, ukapita utosini, ukashuka upande wa pili, na vidole vyote vinne vikalishika sikio kama vinavyoshika mkono wa kikombe. Mwalimu akaandika jina.

Nje, Evaristo alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Alimpokea Oliva yale masweta akayabeba kifuani, na tukaondoka sote kupitia njia ya shamba la kijiji, ambako watu walikuwa wanapalilia kwenye manyunyu. Didas alitangulia. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kichwa, bado umeshika sikio.

Oliva akamwambia aachie, ameshaandikwa.

"Bado," akasema. "Hawa hawajaona."

Akasimama kwenye kila tuta, mbele ya kila mtu aliyewahi kumpakata, mpaka wakaona wote.